Jeff Holter na Begi la Kilo 38

Wenzangu mnaosoma uuguzi, udaktari au ufundi wa vifaa tiba, neno Holter mmeshalisikia wodini mkiwa field. Mgonjwa analalamika kwamba moyo unaruka mapigo na usiku anashtuka. Anapimwa ECG, karatasi inatoka safi. Daktari anaandika afungwe Holter kwa saa 24. Wengi wanadhani ni jina la kampuni, kama tunavyosema Colgate tukimaanisha dawa yoyote ya meno. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu ambaye hakuwa daktari. Alikuwa mwanafizikia wa mji mdogo, na vifaa vingi tunavyoviona leo vikifungwa kifuani au mkononi mwa mgonjwa vina undugu na begi zito alilolibeba yeye mgongoni miaka karibu 80 iliyopita.

Norman Jefferis Holter, aliyezoeleka kwa jina la Jeff, alizaliwa tarehe 1 Februari 1914 mjini Helena, jimbo la Montana, Marekani. Ukitaka kupata picha ya Helena usifikirie New York. Fikiria mji wa milimani, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, yaani chini kidogo ya Arusha yetu, wenye baridi ya kweli na ulio mbali na miji mikubwa. Mji ulianza mwaka 1864 baada ya watu kuokota dhahabu kwenye korongo. Kwetu hiyo ni hadithi ya Mererani na tanzanaiti: wachimbaji wanamiminika, vibanda vinaota usiku mmoja, na anayetajirika kwa uhakika si anayechimba bali anayemuuzia mchimbaji sululu. Babu yake Jeff, Anton Holter, mhamiaji kutoka Norway, aliijua hesabu hiyo mapema. Alianza na mashine ya kupasua mbao, akaingia kwenye biashara ya hadiwea, na familia ikawa na uwezo. Naitaja pesa hiyo makusudi kwa sababu bila hiyo hadithi hii isingekuwepo, na si haki kuwasimulia wanafunzi wanaosubiri bumu habari za wavumbuzi bila kusema nani alilipa.

Jeff alisoma kemia na fizikia, sehemu kubwa ya masomo hayo akiwa California. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili na jeshi la majini la Marekani likamchukua kama mwanafizikia. Kazi yake ilikuwa mawimbi ya bahari. Askari wanaposhushwa ufukweni kwa boti ndogo, wimbi likikosewa hesabu watu wanakufa maji kabla hata ya kumwona adui. Mwaka 1946 alikuwa Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, akiongoza timu iliyopima mawimbi yaliyotokana na majaribio ya mabomu ya atomiki. Inashangaza kidogo, lakini ukifikiria si mbali na alichokuja kufanya baadaye. Wimbi la bahari na umeme wa moyo vyote ni vitu vinavyopanda na kushuka, na huwezi kuvielewa kwa kuvitazama mara moja.

Kabla ya kwenda Bikini alikuwa ameshaanza jambo lingine pamoja na Joseph Gengerelli, mtaalamu wa saikolojia wa chuo kikuu cha UCLA. Walikuwa wakichokoza mishipa ya fahamu ya vyura bila kuunganisha waya wowote, wakitaka kujua kama unaweza kupeleka habari kwenye mwili wa kiumbe hai, au kuitoa humo, ukiwa mbali nacho. Leo tunaona ni jambo la kawaida, simu yenyewe inahesabu hatua zako ikiwa mfukoni. Wakati ule lilikuwa karibu na uchawi.

Baada ya vita Holter hakubaki California. Alirudi Helena, na mwaka 1947 akaanzisha taasisi yake ndogo ya utafiti kwa fedha za familia. Maabara yake ilikuja kukaa kwenye jengo la stesheni ya zamani ya reli. (Stesheni yetu ya Arusha ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria hadi mwaka 2020, na sikumbuki kusikia mtu akipendekeza kuweka maabara humo.) Alianza na ubongo, akitaka kurusha mawimbi yake ya umeme kwa redio mtu akiwa anatembea. Ikawezekana, lakini umeme wa ubongo ni mdogo mno. Hapo ndipo Paul Dudley White, daktari bingwa wa moyo aliyekuwa na jina kubwa Marekani, alipomshauri ahamie kwenye moyo. Ushauri ulikuwa na mantiki mbili. Kwanza, umeme wa moyo ukiupima juu ya ngozi unafika kama elfu moja ya volti, na hiyo ni mara kumi au zaidi ya ule wa ubongo. Pili, watu walikuwa wanaanguka na kufa kwa moyo, na madaktari hawakuwa na njia ya kuuona moyo huo ukiwa kazini.

Kupima moyo kwa umeme hakukuwa kugeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Willem Einthoven alitengeneza mashine iliyouchora umeme huo vizuri, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alikaa mikono na mguu vikiwa kwenye ndoo za maji ya chumvi. Miaka ilivyokwenda mashine ilipungua ikawa ya kuwekwa mezani. Ila sharti moja halikubadilika: mgonjwa alale, atulie, asiongee. Ndiyo maana hata leo ECG ya kawaida inakupa sekunde kama 10 tu za moyo uliopumzika kitandani. Siku moja ina sekunde 86,400, na moyo hupiga kama mara 100,000. Kwa hiyo unachokiona kwenye karatasi ni punje, halafu unatoa hukumu ya gunia zima.

Holter aliona tatizo liko kwenye hilo pengo, kati ya kipimo na kipimo. Moyo wa mtu haumsumbui akiwa amelala kwa daktari. Unamsumbua akipanda ngazi, akigombana na bosi, akila kupita kiasi, akiota ndoto mbaya. Akataka kumfuata mtu huko.

Basi akatengeneza begi. Lilikuwa na kilo 38. Ndani mlikuwa na valvu za kioo, zile zilizokuwa kwenye redio za babu zetu, na mafungu ya betri za kuzilisha, maana valvu zinakula umeme na zinatoa joto. Elektrodi za kifuani zilichukua umeme wa moyo, begi likaukuza na kuurusha kwa redio hadi kwenye mashine ya kupokea iliyokuwa karibu. Aliyelibeba ni yeye mwenyewe. Ipo picha yake maarufu akiwa amelivaa, anaendesha baiskeli iliyofungwa mahali pamoja. Ili mpime uzito huo: mpagazi wa Kilimanjaro kwa kanuni za mlima anatakiwa asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Jeff Holter alibeba karibu mara mbili ya hapo, huku anapiga pedali, ili ajue moyo wake unafanya nini. Na bila shaka moyo uliobeshwa kilo 38 si moyo wa siku ya kawaida, kwa hiyo kipimo chenyewe kilikuwa kinaharibu kile kinachopimwa. Alilijua hilo. Miaka yake zaidi ya kumi iliyofuata ilikuwa ya kupunguza uzito.

Bahati ilikuwa upande wake, kwani mwishoni mwa 1947 transista ilibuniwa Marekani, na kadiri ilivyoingia sokoni ilichukua nafasi ya valvu. Begi likapungua. Lakini wazo lililobadilisha mambo lilikuwa kuachana na redio. Redio ilimlazimu mgonjwa abaki karibu na mashine, kwa hiyo hakuwa huru kweli. Holter na mhandisi wake, Wilford Glasscock, wakaamua umeme wa moyo uandikwe kwenye utepe wa sumaku, kama ule wa kaseti, ndani ya kifaa ambacho mtu anakivaa na kwenda nacho kazini. Uzito ukashuka hadi kama kilo moja.

Sasa likaja swali ambalo kwangu ndilo lililoonyesha akili ya mtu huyu: nani atausoma huo utepe? Ukimpa daktari rekodi ya saa 24, anahitaji saa 24 kuitazama. Hakuna hospitali duniani yenye muda huo. Wakaunda mashine ya kusomea iliyoendesha utepe kwa kasi mara 60, kwa hiyo siku nzima inapita kwa dakika 24. Kila pigo lilichorwa kwenye kioo juu ya pigo lililotangulia. Mapigo yakifanana, unaona kama mchoro mmoja umetulia. Likitokea pigo la ajabu, linachomoza nje ya mchoro na jicho linalidaka papo hapo. Wakaongeza na sauti, mapigo yakigeuzwa kuwa mlio, ili msomaji asikie mabadiliko hata akichoka kutazama. Holter hakuishia kwenye kihisio. Alimfikiria mtu aliyekaa mwisho wa mnyororo, mwenye macho mawili na kazi nyingine mezani.

Mwaka 1961 alichapisha maelezo ya njia hiyo kwenye jarida la Science. Haki za kukitengeneza kifaa zilikwenda kwa kampuni ya Del Mar ya California, nayo ikakiingiza hospitalini na jina la Holter likabaki juu yake. Yeye hakugeuka kuwa mfanyabiashara wa vifaa tiba. Alishaona kwao biashara ni nini, na nafikiri hakuvutiwa.

Hapa inabidi tuseme kifaa cha Holter hakikuwa nini. Hakikuwa kengele. Mgonjwa anakivaa, anakirudisha, kinasomwa baadaye. Moyo ukisimama saa nane usiku, utepe utaandika kwa uaminifu kabisa kwamba moyo umesimama saa nane usiku. Kwa mtu anayezunguka na shughuli zake hiyo inatosha. Kwa mgonjwa wa idara ya dharura au wa ICU haitoshi, maana huko kinachotakiwa ni habari ya sasa hivi: mapigo, pumzi, presha, joto, oksijeni kwenye damu. Ndiyo sababu kwenye ICU wakarudi kwenye wazo lake la kwanza, la kutoa habari mwilini moja kwa moja hadi kwenye kioo kando ya kitanda, chenye mlio wa tahadhari.

Na sisi huku chini ya Meru? Pengo aliloliona Holter lipo na tunaliishi. Kwenye wodi ya kawaida nesi anazunguka na kipimo cha presha na kipimajoto, anaandika kwenye chati, anakwenda kwa mwingine, na anaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Katikati hapo hakuna anayejua. Chukua mgonjwa anayetolewa Ngarenanyuki au Oldonyosambu kuletwa hospitali ya mkoa ya Mount Meru: kama hajafungwa chochote, safari nzima ni pengo. Kifaa kidogo cha kuvaa chenye betri, kisichohitaji kuchomekwa ukutani, kingekuwa na kazi pale kuliko mashine kubwa inayosubiri mjini na kuzimika umeme ukikatika.

Kimoja tayari kimezoeleka Arusha, na waliokizoea zaidi si watu wa hospitali peke yao. Ni maguide. Kile kipimo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni na mapigo, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, utakikuta kwenye mikoba yao. Jioni pale Miriakamba, mita 2,500, na kesho yake Saddle, mita 3,500, mgeni ananyoosha kidole kabla ya chakula. Guide mzoefu atakwambia namba hiyo haitoshi peke yake: kidole kikiwa cha baridi kinadanganya, rangi ya kucha inadanganya, hina nyeusi nayo inaweza kuleta matatizo. Lipo lingine linalotuhusu kwa karibu zaidi. Kipimo hiki kinatumia mwanga kupita kwenye ngozi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Mgonjwa anaishiwa, namba inasema yuko sawa. Umeme wa moyo alioufuata Holter hauna shida hiyo, hauulizi rangi ya ngozi. Wenzetu mnaotaka mada ya utafiti mwaka wa mwisho, hamjaona hapo?

Kifaa kingine kimepata jina la Kiswahili kabisa: Moyo. Kilitengenezwa na Laerdal, kampuni ya Norway, na mojawapo ya hospitali kilikofanyiwa kazi ni Haydom, Manyara, eneo ambalo kabla ya mwaka 2002 lilikuwa mkoa wa Arusha. Mama mjamzito anafungwa kihisio tumboni kwa mkanda, mapigo ya mtoto yanasomeka muda wote, yakienda vibaya kifaa kinatoa tahadhari. Kipo na ndugu yake, NeoBeat, ambacho unakibana kwenye kiwiliwili cha mtoto aliyezaliwa bila kulia. Ndani ya sekunde chache kinaonyesha mapigo kwa kutumia umeme wa moyo, bila vibandiko wala jeli, kisha kinasafishwa na kutumika tena. Kutohitaji vibandiko unaweza kuona ni jambo dogo mpaka ufike kituo ambacho mashine ipo lakini vibandiko viliisha muda mrefu.

Utafiti uliofanyika Muhimbili juu ya Moyo ulitoa jibu ambalo Holter angelielewa. Kifaa kiligundua mapigo mabaya ya watoto wengi zaidi kuliko njia ya kupima mara kwa mara, lakini hali za watoto baada ya kuzaliwa hazikutofautiana sana. Kugundua ni kitu kimoja, kuwahi ni kingine. Baadaye vifaa hivi vilipounganishwa na mazoezi mafupi ya kila mara kwa wakunga, kwenye vituo 30 vya mikoa 5 ikiwemo Manyara, vifo vya watoto wachanga vilishuka. Kwa hiyo mtu akija kwenye maonyesho ya ubunifu na saa ya kupima mapigo aliyoiunda chumbani, swali la kumuuliza si kihisio kina usahihi gani pekee. Muulize mlio ukilia usiku utamfikia nani, huyo mtu ana wagonjwa wangapi mikononi, na ukilia mara arobaini kwa makosa, mara ya 41 ataamka? ICU kubwa za nje zinalia hovyo hadi wauguzi wanaacha kusikia.

Vijana wa Arusha Technical wanaosomea umeme na vifaa tiba, na wale wa Nelson Mandela pale Tengeru, wanayo sehemu yao hapa, na kwa maoni yangu si lazima iwe kuunda kifaa kipya. Aliyeweza kukifanya kile kilichopo kiwake tena baada ya betri kufa ameziba pengo la watu wengi.

Holter mwenyewe, kuanzia miaka ya 1960, alifanya kazi pia Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikorudi kwenye mambo ya dunia na bahari. Alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa waasisi wa chama cha wataalamu wa tiba ya nyuklia cha Marekani. Ukiangalia orodha hiyo, mawimbi, atomiki, vyura, ubongo, moyo, unaona mtu ambaye kwenye mfumo wetu wa kuchagua tahasusi kidato cha tano angepata taabu kujaza fomu. Aliamini mtafiti aachiwe nafasi ya kufuata jambo kwa sababu linamshangaza, hata kama hajui litamsaidia nani, na taasisi yake ya Helena aliiendesha kwa imani hiyo. Alikuwa na pesa ya babu ya kumruhusu kuamini hivyo.

Alifariki Helena tarehe 21 Julai 1983, akiwa na miaka 69. Wakati huo kifaa chake kilikuwa bado kinatumia utepe. Rekodi za kidijitali zilikuwa ndiyo zinaingia hospitalini, na kifaa kilichokuwa kama radio ndogo kiunoni kilikuwa njiani kuwa kibandiko cha kifuani chenye uzito wa gramu chache.